Neli Isiyo na Jina

Mashapo yalifika Jumanne, ndani ya sanduku la barafu,
kutoka pango moja huko juu Laikipia,
mifuko arobaini na mitatu, kila mmoja na kina chake:
sentimita kumi, sentimita tisini, mita mbili na ushei.
Hakuna mfupa. Hakuna jino. Hakuna hata kigae.
Lekishon wa langoni alichungulia, akacheka:
"Daktari, mmesafirisha mchanga hadi Ngara?
Si hapa nje tunao wa bure?"

Hakukosea sana.

Mimi huvaa suti nyeupe, glavu juu ya glavu,
barakoa, miwani, viatu vilivyooshwa kwa jiki,
nisije nikajidondosha mle.
Tone moja la mate yangu lina kelele
kuliko miaka elfu nne ya kunong'ona.
Nachota kiasi cha ncha ya kijiko cha chai,
natia dawa, nazungusha, nangoja.
Umeme ukikatika nahesabu pumzi
mpaka jenereta ikohoe nyuma ya jengo.

Udongo ni bahili.
Aliyekojoa, aliyetema, aliyejifungua,
aliyechinja akamwaga damu pembeni,
umemshika kila mmoja kwa ukucha wa mfinyanzi
na hautaki kumwachia.
Lakini joto letu nalo halina adabu:
hukata vinasaba vipande, hulamba herufi,
na kinachosalia kimechakaa ncha
kama upindo wa leso iliyofuliwa mno.
Ndiyo alama yenyewe. Cha kale hujulikana kwa kuraruka.
Kizima ni cha jana.

Wiki ya tatu majibu yakaja.
Kondoo. Fisi. Nyasi za aina nne.
Na kwenye mita moja na nusu, mtu.
Mwanamke.
Ondeyo akapiga meza, Chepkirui akamwita mkuu,
mtu akatumwa soda.
Mimi nikazitazama ncha.
Zilikuwa nzima, laini kama kucha za mtoto.
Nilikaa kimya dakika nzima kabla ya kusema:
"Ni mimi huyo."

Soda zikanywewa hivyo hivyo. Hazikuwa na kosa.

Kwetu kulikuwa Mukuru, upande wa reli,
chumba cha mabati, sakafu ya udongo uliopigwa
mpaka ukang'aa kama kisahani.
Hapo Mutuku alizaliwa kabla mkunga hajafika,
hapo uji ulimwagika, hapo paka alizalia nyuma ya debe.
Kila asubuhi mama alinyunyiza maji, akafagia,
akidhani anaondoa.
Kumbe alikuwa anaweka akiba.

Tingatinga lilikuja alfajiri. Barabara ilihitaji kupita.
Mwaka uliofuata tulimzika Lang'ata, kaburi la muda,
na bati la namba yake
likaishia kwa wauza vyuma chakavu.

Jumapili iliyopita nilienda na kijiko.
Pembe moja ya chumba imebaki nje ya lami,
upana wa meza, si zaidi,
na juu yake kuna mwanamke anauza githeri.
Nilinunua sahani, nikala yote,
nikamwomba asogeze jiko kidogo.
Hakuniuliza kitu.
Nairobi haimuulizi aliyelipa.

Neli iko kwenye friji, rafu ya chini,
digrii themanini chini ya sufuri, jirani na pango.
Haina jina, haina kina.
Chepkirui ameiona. Hajasema.
Nami siipimi.
Nusu ya herufi zangu ni zake;
ncha nazo hazitanisaidia, miaka kumi na sita ni juzi tu.
Nitaapaje ni nani aliyedondoka mle,
yeye na ufagio wake,
au mimi, niliyeinama pale bila barakoa,
kijiko mkononi,
pua ikivuja.